Barua kwa Mama Upendo, Njombe

Tukuyu, Juni

Mama Upendo wangu,

Kamwene! Habari za baridi ya Njombe, na kifua cha Mzee kinaendeleaje? Huku tunamshukuru Mungu. Ukungu haujatuachia, nguo tulizofua Jumamosi bado mbichi kambani. Baba Lusajo anakusalimu sana, na Lusajo mwenyewe kapata ile nafasi ya Uyole. Hayo nitakusimulia siku nyingine, maana nikiyaanza hapa sitafika ninakokwenda.

Barua hii analeta Upendo mwenyewe. Anajua inamhusu, sikutaka kumzunguka.

Mwenzangu, simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Ulisema akija likizo harudi tena Tukuyu, kwamba Kiingereza kimemshinda, aachane na masomo ya sanaa, asome kitu kingine karibu na nyumbani. Kisha mtandao ukakatika, na nilipopiga tena hukupatikana. Pengine ni heri, kwa sababu jambo hili halisemeki kwa vipande vya "haloo, unanisikia?" Nakuomba usome mpaka chini kabla hujaamua.

Naona kisa ulikipata nusu. Mwalimu aliwaandikia ubaoni sentensi moja, "He is barking up the wrong tree", wageuze kwa Kiswahili. Mwanao akaandika: "Anabandika magome kwenye mti usio wake." Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka nao, akampa sifuri, na tangu siku ile wenzake wanamwita Gome. Alirudi nyumbani hakugusa chakula, na nilikuwa nimepika mbalaga ile anayoipenda.

Mimi nafundisha somo hilo hilo, na unanijua tangu chuo cha ualimu cha Kleruu, sina tabia ya kutetea uvivu. Hata Lusajo simtetei. Lakini hapa mtoto alifikiri! Neno "bark" amekutana nalo tangu mdogo kwa babu yake, kwenye zile karatasi za mizani ya magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, ambazo Mzee alikuwa akizitunza chini ya godoro, na pale lina maana moja tu, gome. Kwenye sentensi kuna mti. Gome na mti, nani asingeviunganisha? Mbwa, ambaye kubweka kwake nako ni "bark", hatajwi popote. Mbwa yuko Marekani, miaka ya 1830, kwa wawindaji wa rakuni, mnyama mdogo wa porini kule, waliokuwa wakitoka usiku. Mnyama akifukuzwa hupanda mtini, mbwa hubaki shinani wakibweka ili mwindaji ajue alipo. Sasa mara nyingine rakuni kesharukia mti wa pili gizani, mbwa bado wanaubwekea wa kwanza. Ndipo ukatoka msemo huo wa mtu anayetafuta jambo mahali lisipo. Nani alimsimulia Upendo habari za rakuni? Alipewa sentensi tupu, akaongezewa na kicheko.

Jioni ile nilimwita jikoni, tukakaa na lile neno. Nilitaka ajue kwamba hakukosea neno, ila alikutana na pacha wake. Tena mapacha wenyewe wala si ndugu. Ni kama abiria watatu waliotoka Kyela, Chunya na Tunduma, wakakutana stendi ya Mbeya wamevaa koti la aina moja.

Lile la gome lilitoka Skandinavia, kaskazini mwa Ulaya. Watu wa kule walianza kuvamia Uingereza mwishoni mwa karne ya 8, baadaye wakahamia na kulima upande wa kaskazini na mashariki, wakaoana na wenyeji. Wao gome waliliita "börkr". Waingereza walikuwa na neno lao, "rind", lakini la wageni likashika miti yote, na la wenyeji likasukumwa huko kwenye maganda ya matunda na ya jibini. Upendo hapo akaniuliza kama hata Waingereza walitawaliwa. Nikamwambia ndiyo, na lugha yao imejaa alama za kutawaliwa. Aliinua kichwa, Mama Upendo. Ndiyo mara ya kwanza kuinua kichwa siku ile.

Kubweka ni neno lao la asili, "beorcan", na wengi huliona limetokana na sauti yenyewe ya mbwa. Zamani halikufanana na gome. Ila kufikia karne ya 15 sauti ya "er" katika maneno mengi ya Kiingereza iligeuka kuwa "ar", ndiyo maana mpaka leo Waingereza wanaandika "clerk" na wanasoma "klaak". "Berken" nayo ikawa "bark". Basi, mbwa akaingia kwenye koti la gome.

Wa tatu ni chombo cha majini. "Bark" ni jahazi pia, siku hizi zaidi huandikwa "barque". Neno hili lilipita Ufaransa likitokea Kilatini, "barca", na ukilifuata nyuma zaidi hufuatishwa hadi kwa Wagiriki, waliokuwa na neno "baris" la mashua za Wamisri wa Mto Nile. Ndani ya "embark" mna chombo hicho hicho, yaani kupanda melini, kama wanavyopanda kule bandari ya Itungi. Na sikiliza hili: Herodotus, yule mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliieleza ile mashua ilivyoundwa, akasema mbao zake ni za mti wa miiba, ambao ni mgunga wa Nile. Huo ni ndugu wa miwati yenu! Upendo alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Mama Mdogo, kumbe hata mashua ni ya babu."

Narudi pale pale. Ulisema Kiingereza kimemshinda. Mtoto aliyeshindwa hakai jikoni mpaka jiko linazimika akiuliza maswali. Aliuliza kama gome ni kitu cha kudharauliwa, kwa kuwa wanamwita hivyo. Nikajikuta namweleza habari za kwinini, ile dawa ya malaria. Unakumbuka tulivyokunywa klorokwini ukiwa kwetu Kyela ile likizo, mwili ukawa unakuwasha usiku kucha? Katika karne ya 18 madaktari wa Uingereza wakisema "the bark", bila neno jingine, walikuwa na maana ya gome moja tu, la mti wa sinkona kutoka milima ya Andes, lililotibu homa za malaria. Wagonjwa walilinywa likiwa unga uliochanganywa kwenye mvinyo. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa dawa safi ndani ya gome hilo, wakaiita kwa neno la watu wa kule Andes, "kina". Na "kina" kwa lugha yao ni gome. Kwa hiyo tukisema kwinini, hata sisi wa Rungwe, tunasema gome. Nikamwambia akiitwa Gome tena aitike, awaulize ni wangapi wamepona malaria kwa jina lao.

Hata kitabu! Kwa Kilatini kitabu ni "liber", na maana yake ya kwanza ni ngozi ya ndani ya gome la mti. Kutoka hapo Waingereza wakapata "library". Nilikuwa nalijua hili kwa miaka mingi, ila sikuwahi kuliona linamgusa mtu mpaka nilipomwambia yule mtoto.

Hivi kwa nini tunafundisha kwa namna hii, mwenzangu? Tunawapa orodha: moja, gome, mbili, kubweka, tatu, chombo, kariri, mtihani upo. Mwanafunzi anadhani Waingereza walikaa chini wakaamua neno moja lifanye kazi tatu ili kumsumbua. Lakini kwa lugha yetu hatumlaumu mtu. Paa wa porini, paa la nyumba, kupaa angani na kupaa samaki magamba, mtoto wa darasa la pili hachanganyi, kwa sababu ameyaona yote. Mwalimu Sanga alikuwa akitubishia sana juu ya hili pale chuoni, unakumbuka? Alikuwa akisema muda wa kipindi hautoshi. Mimi nasema muda wa kumcheka mtoto ulipatikana.

Haya, ombi langu. La kwanza umeshalijua: usimwondoe. Ada ya muhula ujao kama ndiyo inayokubana, sema, tutaongea na Baba Lusajo, chumba na chakula si jambo la kuhesabiana kati yetu. La pili ni la Mzee. Kama kifua kinamruhusu, naomba amchukue Upendo siku moja waende kwenye miwati, wakamkute mtu anayebambua magome. Najua Juni si msimu mzuri. Mzee ndiye aliyenifundisha mwaka ule kwamba mvua ikikatika gome hung'ang'ania mti, lakini wakati wa mvua ukilikata shinani kwa panga na kulivuta, linapanda lenyewe juu kwa ukanda mrefu, na ndani linateleza kama limepakwa mafuta. Bado nakumbuka vidole vyangu vilivyogeuka rangi ya kahawia, nikaosha na sabuni ya mche na wapi. Ni ile tanini ya ndani ya gome, ndiyo wanayoendea watu wa kutengeneza ngozi.

Mzee amweleze yote. Kiwanda kilivyoanza, ile Tanganyika Wattle ya mwaka 1949, magome yalivyofungwa matita, jinsi mizani ilivyosomwa. Amweleze mti wenyewe ulitoka Australia. Na wewe mweleze hili, maana sikupata nafasi: "wattle" kwa Kiingereza cha zamani ni fito zilizosukwa kwa ajili ya ukuta wa kukandika udongo. Walowezi walipofika Australia walikata matawi ya miti hiyo wakajengea vibanda, mti ukabaki na jina la ukuta. Yaani mkisema miwati mnataja nyumba ya fito kama ile ya bibi yangu Masoko! Halafu "wattle" hiyo hiyo ni kile kinyama chekundu kinachoning'inia chini ya kidevu cha jogoo. Mwache atafute mwenyewe kama upo uhusiano, ana kichwa.

Akirudi aje na kipande cha gome, kirefu kiasi cha mkono. Nataka nikipeleke darasani kwangu nikiwa na sentensi ile ile, niwaulize wangu wangesemaje. Na nimepanga kumwona mwalimu wake, mtu na mtu, bila ugomvi. Ni kijana, darasa lake lina watoto wengi kuliko madawati, sidhani kama alikusudia. Ila lile jina lazima lifutwe na yeye mwenyewe, mbele ya darasa lile lile. Hilo silegezi.

Sasa nijibu. Ni ada, au kuna jambo jingine hukunieleza kwenye simu? Baba Upendo anasemaje? Yeye Upendo umemuuliza anataka nini, au mmeamua ninyi wakubwa? Mzee bado anazo zile karatasi za mizani, na ataniazima hata moja? Tumaini aliolewa kweli, au ni maneno ya Makambako? Na mbegu za viazi ulizoniahidi, nije nizichukue, au utamfungia Upendo kwenye basi? Akija nazo mwambie asishuke Uyole kama safari iliyopita, afike mpaka Nane Nane, Lusajo atamsubiri pale na baiskeli.

Nijibu kwa barua, tafadhali, si kwa simu.

Wako,
Mama Lusajo