Pikipiki ikikufia mbugani unampigia nani?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Juzi natoka Morogoro naenda Mikumi, tyubu ya nyuma ikapasuka katikati ya hifadhi, na pale barabara inakatiza mbuga kama kilomita 50 hivi, tembo wanavuka wanavyotaka, yani huwezi kushuka ukasukuma pikipiki ukasema ntafika tu. Nikapigia watu wa bima, dada akanijibu kuvutwa ni kwa wenye magari tena wenye bima kubwa, mimi na bima yangu ndogo nijitegemee. Aliyeniokoa ni dereva wa fuso iliyokuwa inarudi tupu, tukaipandisha na utingo wake, tukafunga kamba, elfu 15 ikanitoka na nikashukuru.

Sasa jamani, sisi si tunalipa bima kila mwaka kama wengine? Waweke hata kifurushi kidogo cha pikipiki, ukikwama inakuja guta inakubeba mpaka kwa fundi, basi, hatuombi breakdown ya malori. Na vijiwe vya boda vyenye magrupu ya WhatsApp vipeane namba za mafundi mji hadi mji, maana wengi tunamjua fundi wa mtaani kwetu tu, ukitoka hapo we ni mgeni.

Wenzangu mnaosafiri mbali bebeni tyubu, plagi, kiungo cha cheni na pampu ya mkono. Mimi nilikuwa na spana tu, pampu nilimwazima shemeji mpaka leo hajarudisha.

Dereva boda, Morogoro