Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tusisubiri vyuo vifungwe tena

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Nakusalimu kwa heshima.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari hapa Dodoma. Nilirudi nyumbani, kijijini wilayani Mpwapwa, ambako mtandao unashika ukipanda kilimani. Darasani tulirejea Juni. Katikati ya hapo chuo kilitutumia rekodi za mihadhara. Ya kwanza ilikuwa ya saa mbili nzima. Bando langu la wiki liliisha sijafika nusu.

Mwalimu wetu mmoja alifanya tofauti, na ndiye aliyenifanya nikuandikie. Alitugawa watu sita sita kwenye makundi ya WhatsApp. Kila Jumanne usiku alituma sauti fupi: "Mama wa miaka 34, mkulima wa Bahi, anakohoa wiki ya tatu sasa, amekonda. Mnaniuliza nini?" Hakuongeza neno mpaka tuulize. Aliyeuliza kuhusu jasho la usiku alijibiwa. Aliyekimbilia kipimo cha makohozi aliambiwa arudi kwanza amsikilize mama. Siku nyingine alituma mapigo ya moyo, tukavaa hedifoni, tukabishana hadi usiku wa manane kama valvu imebana au inavuja. Vocha ya shilingi mia tano ilitosha. Leo natibu, na wagonjwa wale nawakumbuka kuliko slaidi zote nilizokariri.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kompyuta mpya zikitumika kumsomea mwanafunzi notsi zilezile, tumehamisha ubao tu. Mwanafunzi wa tiba lazima aulize, akosee, asahihishwe, kabla hajakutana na mtu anayeumwa kweli. Simu nayo ina mpaka wake: wengu uliovimba huwezi kujifunza kuupapasa bila kuweka mkono juu ya tumbo la mgonjwa. Basi mihadhara isikilizwe nyumbani, na muda wa wodini ubaki wa mikono na maswali, hata wakati hakuna janga lolote.

Naomba wizara ikae na makampuni ya simu, mitandao ya masomo ya vyuo ifunguke bila kukata bando. Naomba pia saa anazotumia mwalimu kuandaa visa vya wagonjwa zihesabiwe kuwa saa za kufundisha. Yule wetu alifanya yote kwa vocha yake, usiku, baada ya kazi, na sikusikia akishukuriwa popote.

Tena tufanye majaribio mapema. Wiki moja kila muhula masomo yaendeshwe kwa mbali, tujue nani anakwama na kwa nini. Homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, iliingia Kagera mwaka 2023, ikarudi 2025. Hatukupewa notisi.

Ukihitaji mtu wa kueleza makundi yale yalivyoendeshwa, nitafika ofisini kwako Mtumba siku yoyote nisiyokuwa zamu.

Wako mtiifu,
Daktari, Dodoma