Kalkulasi haiwashindi vijana, zinazowashinda ni sehemu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenye vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kidato cha tano na sita. Wananiletea watoto tuisheni na kauli ni ile ile: "Mwalimu, kalkulasi imemshinda." Nikilifungua daftari naona jambo jingine: zinazomshinda ni sehemu, yaani namba kama 1/2 na 2/3.

Chukua swali la kutafuta eneo lililo chini ya mchoro wa kipeuo cha pili cha x, kuanzia 0 hadi 4. Kanuni kijana anayo kichwani: ongeza 1 kwenye kipeo, kisha gawanya kwa kipeo kipya. Kipeuo cha pili cha x ni x yenye kipeo cha 1/2. Ukiongeza 1 unapata 3/2, lakini wapo wanaoandika 2/2. Anayevuka hapo anakwama kugawanya kwa 3/2. Jibu ni 16/3. Kalkulasi yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu, kazi iliyobaki ni ya darasa la tano na la sita.

Huko, kwenye kugawanya sehemu, walikaririshwa "geuza ya pili, zidisha" bila kuambiwa kwa nini. Una lita 3 za maji, chupa moja inabeba lita moja na nusu. Utajaza chupa ngapi? Mbili. Moja na nusu ni 3/2; sasa igeuze, zidisha 3 kwa 2/3, utapata 2 ile ile. Dakika tano zinatosha, na mtoto hasahau tena.

Lipo pia swali la kuintegreti (hesabu ile ile ya kutafuta eneo) 1/(x(x+1)), ambalo wengi huliruka kwenye mtihani. Mimi namwambia kijana atoe 1/3 kwenye 1/2. Anapata 1/6, na 6 ni 2 mara 3. Atoe 1/4 kwenye 1/3: 1/12, yaani 3 mara 4. Hapo mwenyewe anaandika 1/x kutoa 1/(x+1), na kila kipande kinampa logi (logarithimu) yake. Nafurahi mno nikiliona hilo.

Mzazi, kabla hujalipa ada ya tuisheni, mpe mwanao 1/2 + 1/3 bila kikokotoo. Akikuandikia 2/5, anzeni hapo, hata kama ana miaka kumi na minane. Nawe Mhariri, mnapochapisha maswali ya Hisabati, tafadhali onesheni hatua zote. Jibu tupu halimsaidii mtoto asiye na mwalimu jirani.

Mwalimu mstaafu wa Hisabati,
Korogwe, Tanga