Linki chafu: msitishwe mkatoa pesa

Mhariri, assalaam aleikum. Naomba nafasi kidogo gazetini kwako maana jambo hili linatukuta wengi sie tunaotafuta riziki kwa watalii, na kila mtu analifanya siri.

Mie natembeza wageni mashamba ya viungo huku Kizimbani, nina kijitovuti changu kanitengenezea mtoto wa dada yangu. Mwezi wa nne ikaingia imeli, ati tovuti yako imeandamwa na linki chafu zaidi ya elfu moja (yaani viungo vya tovuti za ovyo vinavyoelekeza kwako), Google watakuzika chini huko mtu akitafuta asikuone, lipa dola 150 tukusafishie. Na kweli siku zile wageni hamna, simu kimya, nikasema basi ndo hili. Nshasahau kama ni masika, mvua kutwa kucha na hoteli nyengine za pwani zimefungwa, huyo mtalii angetokea wapi?

Kabla sijatoa pesa nikamwita mpwa wangu akafungua Google Search Console, pale Google wanapomwonesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake, ni bure, mwenye tovuti yoyote anaingia. Upande wa linki, subhanallah, kamari, dawa za nguvu za kiume, viatu, maandishi ya Kirusi, wote wamenielekezea mie! Nshaanza kutetemeka, mwenzangu anacheka. Akanambia mjomba, hawa papasi tu, kama wale wa kuwavizia watalii, papasi akisimama Forodhani akapiga kelele jina lako, wewe ndo umemtuma? Akaniambia zamani ilikuwa balaa, 2012 Google walipoleta ile Penguin, programu yao ya kukamata hila za linki, tovuti zenye linki za hila zilikuwa zinaporomoshwa, lakini tangu 2016 linki za namna hiyo mara nyingi wanazipuuza tu, hazikupandishi wala hazikushushi. Tukatizama na pale inapoandikwa adhabu, ile anayoitoa mfanyakazi wao kwa mkono akishakukagua, hamna kitu.

Sasa nisikilize hapa. Wale watu walikuwa wameshanipelekea na faili la linki za kukanwa, yaani la kuwaambia Google wasizihesabu, nione kazi yao. Mpwa akalisoma mstari mmoja mmoja, katikati ya makamari akakuta ukurasa wa bwana na bibi wa Kijerumani waliokuja kwangu wakaandika habari za karafuu, na picha yangu namenya mdalasini wameitia. Wajerumani wangu karibu wote wanapitia pale! Ningelipeleka faili lile Google ningekuwa nawakana watu wangu kwa mkono wangu, na dola 150 juu.

Sisemi kukana linki ni upuuzi. Chombo kipo tokea 2012, ni faili la maandishi matupu, kila mstari anwani moja, ukitaka kuikana tovuti nzima unatia neno domain na nukta mbili mbele ya jina lake. Lakini Google wenyewe wanasema tovuti nyingi hazina haja nalo, ni la aliyekwisha kupewa adhabu au anayejijua kuwa kanunua linki, adhabu isije ikamfika.

Na wanaonunua wapo, tena humu humu. Rafiki yangu mwenye gesti Jambiani kampa fundi mmoja laki tatu za linki, kaambiwa utakaa ukurasa wa kwanza wa Google. Kakaa kweli, miezi miwili, halafu adhabu ikashuka hata ukiandika jina la gesti humuoni (laki tatu hizo magodoro mangapi yakhe?). Sasa kazi yake kuwaandikia wenye tovuti za watu wazitoe zile linki, zilokataa kutolewa anazikana, kisha kawapelekea Google ombi la kukaguliwa upya akiungama alichokifanya. Wiki ya tatu hii hajajibiwa. Fundi naye hapatikani kwa simu.

Mie juzi nimeletewa imeli tena na wale wale. Linki chafu zimeshafika elfu tatu, bei imeshuka dola 80.

Mtembeza wageni,
Kizimbani, Unguja