Barua ya kufukuzwa kazi isitolewe getini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie waajiri wanaowafukuza wafanyakazi kwa utoro bila kuwasikiliza. Jirani yangu, anayefungasha bidhaa katika kiwanda kimoja hapa Mwanza, alirudi kazini na karatasi za hospitali mkononi baada ya kumuuguza mtoto wodini, akakabidhiwa barua ya kufukuzwa na mlinzi wa getini, ambaye nadhani hakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Siutetei utoro. Kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinahesabu kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku 5 za kazi, bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi. Lakini kanuni hizohizo zinataka aelezwe tuhuma zake na apewe angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu. Wengi hubaki wakimbembeleza msimamizi hadi siku 30 za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinapita. Maofisa kazi wakague pia majalada ya nidhamu viwandani, si mikataba peke yake.

Msomaji wako,
Mwanza