Barua kwa mwanangu aliye Buffalo, Marekani: ziwa ndilo linalopika theluji

Goma, Jumapili tarehe 12 Novemba 2023

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako mzima, goti tu ndilo linamsumbua akipanda ngazi za kanisa. Mvua imetushika kweli kweli, na njia ya kushuka Kituku, kule ziwani, ni tope juu ya mawe. Umeme ulikatika jana usiku na haujarudi, kwa hiyo ninaandika kwa kalamu. Mdogo wako atapiga picha kurasa hizi akutumie, mtandao ukikubali.

Nilipata sauti ya mjukuu wangu. Nimeisikiliza mara nne, na si kwa kutoielewa. Kiswahili chake kimeanza kuchanganyika, lakini swali lake limenyooka: "Babu, theluji inatoka mawinguni au inatoka ziwani?"

Wewe unajua nilivyofundisha jiografia hadi nywele zikawa nyeupe. Miaka yote hiyo nilifundisha theluji bila kuiona. Niliichora ubaoni kwa chaki, na angalau rangi ilifanana. Niliwaambia wanafunzi: theluji huanguka penye baridi kali. Wakaandika, wakakariri, wakapata pointi zao. Kumbe niliwapa nusu ya somo, na mtoto wa miaka sita ndiye amenikamata.

Mjibu hivi: inatoka mawinguni, lakini pale kwenu mawingu yenyewe mara nyingi hutoka ziwani.

Baridi peke yake haileti kitu. Ingekuwa inatosha, katikati ya Antaktika watu wangezikwa kila siku, na kumbe kule ni jangwa, theluji inayoanguka kwa mwaka ni kidogo sana. Theluji inataka maji. Mkumbuke mama yako alfajiri, anapoweka maji ya bugali kwenye mbabula, lile jiko la mkaa, pale uani. Kukiwa na baridi, mvuke unauona unapanda mpaka usawa wa bati. Mchana, maji yale yale na moto ule ule, huoni karibu kitu. Hewa baridi juu, maji ya vuguvugu chini, hapo ndipo mvuke unageuka wingu.

Ziwa Erie ndilo sufuria yenu. Kwa upana linalizidi ziwa letu la Kivu karibu mara kumi, lakini halina kina. Wastani wake ni mita 19 tu, wakati Kivu yetu inafika mita 485. Linapata joto haraka majira ya joto, na ifikapo Novemba na Desemba bado halijalimaliza. Si joto la kuoga, ni digrii chache juu ya kuganda. Sasa upepo unashuka kutoka Kanada ukiwa na baridi ya kuvunja meno, unapita juu ya maji yale. Hewa ya chini inapata joto na unyevu, inakuwa nyepesi, inapanda, inapoa huko juu, na mvuke unageuka vipande vya barafu vyenye pembe sita. Wataalamu wana kipimo chao: uso wa maji ukiizidi hewa iliyo mita 1,500 juu yake kwa digrii 13 au zaidi, kaa tayari.

Kisha tazama ramani. Ramani ndiyo ilinifungua macho, baada ya miaka yote ile ya kuitundika ukutani! Ziwa lile limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, urefu wa kilomita 388 hivi, na Buffalo imekaa pale kwenye ncha ya mashariki kama mtu aliyesimama mdomoni mwa bomba. Upepo ukija kwa kufuata urefu wa ziwa, unabeba mvuke njia nzima na kuumwaga mlangoni kwenu. Wingu lenyewe ni jembamba, mkanda tu. Ndiyo sababu uliniambia mtaa mmoja una jua na mwingine hauonekani, nikadhani unanitania. Novemba ya mwaka jana kule Orchard Park, kusini mwa mji wenu, iliteremka theluji karibu mita mbili kwa siku chache, na upande wa kaskazini watu wakaenda sokoni kama kawaida.

Hata Kivu inapika, mwanangu, ila yetu inapika mvua. Usiku nchi kavu ikipoa na maji yakabaki na joto, mawingu hujikusanya juu ya ziwa, na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanajua radi ya saa nane usiku. Kwa hiyo si jambo geni. Ni jiko lile lile, chakula kingine.

Mwambie pia kwa babu theluji ipo. Asubuhi safi tukitazama mlima Karisimbi, kilele chake chenye mita 4,507, mara moja moja kimepakwa weupe, na wazee husema jina lake limetokana na simbi, ule ushanga mweupe wa kombe. Ikifika saa nne imeyeyuka. Theluji ya adabu, inakuja kusalimia na kuondoka.

Sasa mpe mtoto simu achezee, mengine ni yako wewe.

Dhoruba ile ya Desemba mwaka jana haikuwa ya ziwa peke yake. Nimesoma sana tangu siku ile, kwa sababu sikuweza kulala bila kujua ni kitu gani kilitaka kunichukulia mtoto. Hewa ya Aktiki iliporomoka kutoka kaskazini ikakutana na hewa ya joto yenye maji kutoka Ghuba ya Meksiko. Hapo mgandamizo wa hewa ukaporomoka. Wataalamu husema dhoruba ambayo mgandamizo wake unashuka milibari 24 ndani ya saa 24 imelipuka kama bomu, na hiyo ilikuwa ya namna hiyo. Kaskazini mwa ikweta dhoruba huzunguka kinyume cha mshale wa saa. Ilipokuwa inapita juu ya maziwa, mkia wake uliwaletea upepo wa kusini-magharibi, yaani sawasawa na urefu wa Erie. Dhoruba kubwa na ziwa vikashikana mikono. Upepo ulipiga zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Kwenye uwanja wa ndege wenu walipima theluji ya sentimita 132 hivi mpaka ilipokwisha.

Huko Marekani dhoruba ya theluji haipewi jina lake kamili, blizzard, mpaka upepo ufike kilomita 56 kwa saa, jicho lisione mita 400, na iwe hivyo kwa saa tatu. Ya kwenu ilishikilia zaidi ya saa thelathini.

Ijumaa tarehe 23. Kwetu ilikuwa saa moja jioni, kwenu saa sita mchana. Tulikuwa mezani. Simu ikalia, ukasema, "Papa, sioni boneti ya gari." Nikakuuliza kama kwenu usiku umeingia. Ukasema hapana, ni nyeupe tu, nyeupe pande zote. Mama yako akaweka kijiko chini na hakukishika tena.

Ulitoka nyumbani alfajiri mvua ya kawaida ikinyesha, patroni wako, yaani bosi, amekuambia njoo. Amri ya kukataza magari barabarani ilitoka saa tatu na nusu asubuhi, wewe uko ghalani unapanga maboksi, na bado walikuweka mpaka saa tano. Sitamtukana hapa kwenye karatasi. Nilimtukana siku ile kwa lugha zote ninazozijua, mama yako ni shahidi.

Uliniambia umewasha injini upate joto, na kwamba usingizi unakujia. Neno hilo la usingizi ndilo lililonitoa kitini. Wewe ulizaliwa Goma. Umekua ukiambiwa usipite kwenye bonde lile karibu na Bulengo asubuhi mapema, kwa sababu ya mazuku, ile hewa ya sumu. Uliona mwenyewe mbuzi wa jirani amelala kwenye shimo kama aliyechoka, hana jeraha. Nikakuuliza, "Bomba la moshi liko wapi?" Ukajibu polepole, "Liko nyuma, Papa. Liko chini ya theluji." Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga mlango.

Ulizima injini. Ukatoka ukishikilia gari kwa mkono mmoja usipotee hatua tatu kutoka mlangoni mwako, ukafukua bomba kwa kifuniko cha bakuli lako la chakula. Nilisikia upepo kwenye simu, sauti kama lori linalopanda mlima bila kufika. Uliporudi ndani ulikuwa unatetemeka, nikamshukuru Mungu kwa kutetemeka huko. Toka hapo injini dakika kumi kwa saa, bomba kwanza, na dirisha la upande usio na upepo limefunguliwa upana wa kidole.

Mwalimu hawezi kuacha, kwa hiyo nisahihishe kitu. Mazuku yetu ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, inajaa mashimoni kama maji, ukipanda juu umepona. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, ile ile ya makala, yaani mkaa, ndani ya nyumba iliyofungwa. Hiyo haikai chini wala juu, inachanganyika na hewa yote, na damu inaishika kwa nguvu kuliko oksijeni. Haina harufu. Ndani ya gari hakuna pa kupanda.

Mzee yule aliyekuona kutoka dirishani Jumamosi asubuhi, upepo ulipopumua kidogo, akaja na binti yake wakakuvuta mpaka kwao, ukakaa Krismasi yote ukila supu ya watu usiowajua: bado tunamtaja kila jioni, ingawa jina lake mama yako analitamka vibaya. Uliniahidi kumpelekea kahawa ya Kivu. Umempelekea?

Eneo lile walikufa watu zaidi ya 40. Wengine ndani ya magari. Wengine nyumbani kwao, umeme umekatika na joto limeisha. Wengine moyo ulisimama wakiwa wameshika koleo. Magari ya zimamoto yenyewe yalikwama. Nikisoma hayo nakumbuka tarehe 17 Januari 2002, nilipokubeba mabegani tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, lava ya mlima Nyiragongo ikipita katikati ya mji. Ule moto wenyewe tuliuona na kuukwepa. Lakini siku chache baadaye watu walirudi, wakaingia kwenye kituo cha petroli kuchota mafuta, kikalipuka, wakafa makumi. Mimi pia nilikuwa nimerudi siku hiyo, natafuta vitabu vyangu. Sikuwahi kukuambia. Nilikuwa mtaa wa pili.

Umeniandikia kwamba ziwa likishaganda mtapumua, kwa sababu maji yaliyofunikwa hayatoi mvuke. Ni kweli kwa sehemu, na Erie huganda kweli kwa kuwa halina kina. Lakini waulize wazee wa pale habari za Januari 1977. Ziwa lilikuwa limeganda tangu Desemba, theluji nyepesi imelala juu ya barafu kama unga juu ya meza. Tarehe 28 upepo ukaja, ukaizoa yote na kuimwaga mjini. Iliyoanguka mpya kutoka angani haikuwa nyingi, sentimita thelathini hivi, lakini nyumba zilizikwa mpaka madirisha ya juu, na watu 29 wakafa. Kwa hiyo usiniambie habari ya ziwa kuganda. Niambie upepo unatoka wapi.

Na sasa mama yako amenisimamia begani anataka niandike vyake. Koleo liwe ndani ya gari, siyo kwenye buti, maana buti lilikataa kufunguka mwaka jana. Blanketi lile zito, siyo la mapambo. Maji, biskuti, tochi, waya wa kuchajia simu. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Nyumbani msiwashe jiko la makala ndani hata umeme ukikatika siku tatu, vaeni nguo zote mlizo nazo mlale chumba kimoja. Na kitenge alichokutumia kwa mkamwana wetu, amfunge mtoto mgongoni, kinaleta joto kuliko hizo jaketi. Hilo la mwisho silithibitishi, naandika nilivyoambiwa.

Langu ni moja. Umesema patroni yule yule ameanza kusema kwamba asiyekuja siku ya theluji asirudi. Kazi ni ngumu kupata, najua, na najua fedha unayotutumia inatoka kwenye maboksi hayo. Karo ya mdogo wako inatoka huko. Tumekaa na mama yako tukaongea jambo hilo jana gizani, na tumekubaliana: wakitangaza magari yasitoke, usitoke. Hata kabla hawajatangaza, ukiona wameandika dhoruba na upepo wa kusini-magharibi, baki. Akikufukuza, niambie, nitauza kile kiwanja chetu cha Ndosho. Nimeshaongea na mtu.

Umeme umerudi sasa hivi, mtaa mzima unapiga kelele. Mdogo wako anataka karatasi apige picha kabla haujakatika tena. Mwambie mjukuu anitumie picha ya ziwa, iwe asubuhi ya baridi, nataka kuuona mvuke. Na usiku upepo ukianza, unipigie kabla hujavaa viatu.

Ni mimi papa yako