Wachapishaji, tupeni kipimo cha sauti kwa tarakimu

Mhariri,

Sisi tunaorekodi vitabu vya sauti nyumbani tuna kilio kimoja kwa wachapishaji: kazi zetu zinakataliwa bila kuambiwa zimepungukiwa na nini.

Mchapishaji mmoja wa hapa jijini alinirudishia riwaya nzima niliyomsomea, kwa ujumbe mfupi wa simu: “Mwalimu, sauti si safi, rudia.” Nilipopiga kuuliza si safi kivipi, kijana aliyepokea akanijibu, “Tafuta tu studio, mwalimu.” Hilo si jibu. Kama mvumo ulizidi, angesema umezidi kwa kiasi gani. Kama sura ya nne ilikuwa chini kuliko ya tatu, angeitaja.

Kwingineko haya yameandikwa peupe. ACX, jukwaa linalopeleka vitabu vya sauti Audible, duka la mtandaoni la vitabu hivyo, linataka wastani wa sauti uwe kati ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) -23 na -18, kilele kisipite -3, na mvumo unaobaki chumbani msomaji anaponyamaza usizidi -60. Faili ziwe za MP3, kilobiti 192 kwa sekunde au zaidi. Sifuri ndiyo dari, sauti ikiigonga inapasuka, ndiyo maana hesabu zote zinakwenda chini. Mwenye kompyuta na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, anaweza kujipima mwenyewe kabla ya kutuma chochote.

Linalotutoa jasho ni hilo la -60. Mimi naishi Umoja, ghorofa ya tatu. Mchana kuna honi za matatu, mchuuzi na kipaza sauti chake, na pampu ya maji ya ploti inayonguruma hadi kwenye kuta. Kanuni za serikali za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2009, lakini nikingoja zitekelezwe mtaani kwetu kitabu hakitaisha. Kwa hiyo narekodi kuanzia saa nane usiku. Friji nalizima, simu naiondoa kabisa mtandaoni, godoro nalisimamisha dirishani, kisha nakaa nimeelekea kabati la nguo likiwa wazi, blanketi mbili zikining'inia nyuma yangu. Nguo zinameza mwangwi kuliko sifongo nyembamba zinazouzwa kwa bei ya kutisha. Maikrofoni iko shibiri moja kutoka mdomoni, imekaa upande kidogo, na mbele yake nimewamba soksi ya nailoni kwenye waya wa hanga ili “p” na “b” zisipige. Kabla ya neno la kwanza narekodi kimya cha sekunde kumi na kuangalia tarakimu. Ikiwa iko juu ya -65, sisomi. Natafuta kwanza kinachovuma.

Kwa nini -65 na si -60? Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hakuna anayewaeleza. Tuseme umesoma kwa sauti ya chini, wastani ukawa -35. Ili ufike -20 lazima uipandishe kwa desibeli 15. Mvumo wa chumba nao unapanda 15 zile zile: uliokuwa -65 sasa ni -50, na kazi imeanguka. Dawa ni kusoma kwa sauti ya kutosha, karibu na maikrofoni, wastani ukaribie -23 tangu mwanzo, ili baadaye pasiwe na mengi ya kupandisha. Mngurumo mzito, kama wa pampu na malori, unaweza kukatwa kwenye programu chini ya hezi 80 (hezi hupima uzito au wembamba wa sauti) bila kuidhuru sauti ya msomaji. Ila wanaotegemea kifutio cha kelele kurekebisha kila kitu wanaharibu: kikikazwa sana, miisho ya maneno inaliwa, na Kiswahili kikikosa irabu yake ya mwisho hakina kitu.

Siombi tulegezewe. Nina mwanafunzi wangu wa zamani asiyeona ambaye husikiliza vitabu kwa saa nyingi kila siku akiwa na visikizi masikioni. Sura moja ikinong'ona na inayofuata ikipiga kelele, yeye ndiye anayeumia. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017 ili wasioona wapate vitabu katika mifumo wanayoweza kuitumia. Kitabu kilichorekodiwa ovyo bado hakijamfikia.

Kwa hivyo nawaomba wachapishaji waambatanishe na kila mkataba ukurasa mmoja wenye wastani wanaoutaka, kilele, kiwango cha mvumo, aina ya faili, na sekunde za kimya mwanzoni na mwishoni mwa sura. Watuwekee pia dakika tano za rekodi waliyowahi kuikubali, tuisikilize. Kisha wapokee sura ya kwanza peke yake, waipime, watujibu kwa tarakimu kabla hatujakesha na kitabu kizima. Wakikataa sura hiyo kwa sababu mvumo ni -57, nitajua cha kufanya usiku huo huo.

Mwalimu wa Kiswahili,
Umoja, Nairobi